Mama alibadilika tabia kabla uvimbe haujaonekana: je, upasuaji utamrudisha?

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 56. Alikuwa na kibanda cha nguo Gikomba, tena alikuwa mweka hazina wa chama chao. Miaka miwili iliyopita alianza kupoa. Aliacha kuhesabu pesa za chama, akawa haogi mpaka aambiwe, na anaketi sebuleni kutwa nzima televisheni ikiwa imezimwa. Mara mbili githeri imeungua jikoni yeye akiwa pale pale. Tuliambiwa ni sonona, akapewa fluoksetini, baadaye wakaongeza olanzapini. Mwezi jana alipatwa na kifafa ndani ya matatu katika Jogoo Road, na picha ikaonyesha uvimbe wa sentimita sita sehemu ya mbele ya ubongo. Wanasema ni meninjioma na wamepanga kumpasua. Nimesoma kwenye simu kwamba wagonjwa wa akili hufa zaidi baada ya upasuaji. Je, ni uvimbe uliomfanya hivi, au ana magonjwa mawili? Atarudi alivyokuwa? Tuahirishe hadi akili itulie? Na fomu ya ridhaa atie sahihi nani? – Binti yake, Donholm

Jibu: Dada yangu, katika barua yako yote nimesimama zaidi kwenye ile sufuria ya githeri. Umeitaja kama dalili ya mama kukata tamaa, na nadhani kila aliyesimuliwa kisa hicho kliniki alikipokea vivyo hivyo. Lakini mishipa ya fahamu inayoleta harufu hupita kwenye sakafu ya mbele ya fuvu, chini kabisa ya sehemu ya mbele ya ubongo, na meninjioma inayoota mahali hapo huikandamiza mishipa hiyo mapema sana, mara nyingi kabla mgonjwa hajaumwa kichwa hata siku moja. Uwezo wa kunusa haupotei kwa siku moja hata mtu akashtuka. Hufifia mwaka baada ya mwaka, mpaka chakula kinaungua hatua tatu kutoka alipoketi naye hana habari.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mwambie mama afumbe macho, mzibe tundu moja la pua, umpe anuse kahawa ya unga, kisha ganda la chungwa, kisha kipande cha sabuni, halafu urudie kwa tundu la pili. Usitumie Vicks wala amonia, kwa kuwa vitu hivyo huichoma pua na mwasho wake hupita kwenye mshipa mwingine kabisa, na mtu asiyesikia harufu hata chembe atakuambia ameisikia. Andika alichotambua na alichokosa, upande kwa upande, na umpelekee daktari wa upasuaji pamoja na ripoti ya picha. Ikiwa ripoti inasema uvimbe umeota katikati, kwenye sakafu ya mbele ya fuvu, basi githeri ile ilikuwa inatuambia jambo kwa muda mrefu.

Sasa niende kwenye swali lako la kwanza. Meninjioma, jina ambalo lilitolewa na mpasuaji wa Marekani Harvey Cushing mwaka 1922, haioti ndani ya ubongo wenyewe. Huota kwenye utando unaoufunika, kisha huusukuma ubongo taratibu. Takriban nane kati ya kumi ni za daraja la kwanza, yaani si saratani kwa maana ambayo watu huiogopa, na wanawake huzipata zaidi kuliko wanaume. Kwa sababu hukua polepole, ubongo hujibana na kumpisha mgeni huyo kwa miaka, hasa upande wa mbele kabisa ambako hakuna kituo cha kusogeza mkono wala cha kutamka maneno kitakacholalamika mapema. Uvimbe wa sentimita sita haukuota mwaka jana. Ni vigumu mno kuamini kwamba haukuwepo siku mama alipoanza kupoa.

Hata hivyo, kuwepo kwa uvimbe hakutoshi kuuthibitisha kuwa ndio chanzo, na hapa ninaomba uvumilivu wako, kwa sababu wenzangu wengi pia huteleza hapa. Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu wazima 2,000 wa kawaida ambao hawakuitwa kwa sababu ya dalili yoyote. Asilimia 1.6 kati yao walikuwa na uvimbe usio saratani ndani ya fuvu, nyingi zikiwa meninjioma, na hawakuwa na habari. Maana yake ni kwamba ukiwapiga picha watu wengi wenye sonona utawakuta wachache wenye meninjioma ndogo ambayo haihusiani kabisa na huzuni yao. Kwa hiyo ninapopima kisa kama hiki sitegemei picha peke yake. Naangalia ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo, na zaidi ya yote aina ya mabadiliko yaliyompata mtu.

Na aina hiyo umeieleza vizuri kuliko faili nyingi ninazopokea, kwa neno moja: alipoa. Mtu mwenye sonona huumia. Hulia, hujilaumu kwa mambo ya miaka ishirini iliyopita, huamka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio, na ukimwuliza atakuambia kwamba maisha yamekuwa mazito. Mtu ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake imekandamizwa haumii hivyo. Ukimwuliza kama ana huzuni atasema hapana, naye atakuwa anasema kweli. Kilichomtoka ni msukumo wa kuanza jambo: kunyanyuka, kuoga, kuwasha televisheni iliyo mbele yake, kuhesabu pesa ambazo jana alizihesabu bila kalamu. Katika barua yako sijaona machozi wala kujilaumu. Naona pia kwamba mama hakuwahi kuugua akili hadi alipofikisha miaka 54, na ugonjwa wa akili unaoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 unastahili kutafutiwa sababu ya mwilini kabla ya kuitwa sonona. Kwa hayo yote, ningeweka uzito mkubwa upande wa uvimbe. Sisemi kwamba sonona haipo kabisa. Mambo haya mawili yanaweza kuishi nyumba moja, na mtu aliyepoteza kibanda chake na heshima ya chama ana sababu ya kuhuzunika pia.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa chanzo ni pale kitu kinapoondolewa na dalili zikaondoka, kisha kikarudi nazo zikarudi. Visa vya namna hiyo ni adimu. Kimoja kilichapishwa Marekani mwaka 2003: mwalimu wa miaka 40, asiye na historia yoyote ya makosa, alianza tabia ya kingono ambayo haikuwa yake na ambayo ilimfikisha mahakamani. Alikutwa na uvimbe upande wa kulia, chini ya sehemu ya mbele ya ubongo. Ulipotolewa tabia ile ilikoma, na ilipoanza kurudi, picha ilionyesha kwamba uvimbe nao umeota tena. Tena si lazima uvimbe uwe kichwani. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao msichana mwenye afya njema huanza ghafla kusikia sauti, kuchanganyikiwa na kupatwa na degedege, kumbe ana uvimbe kwenye ovari, na kinga ya mwili iliyoamshwa na uvimbe huo inaushambulia ubongo. Wasichana wa aina hiyo wamewahi kulazwa kama wendawazimu kila pembe ya dunia.

Niruhusu kukengeuka kidogo, maana sisi wa Nairobi tuna deni la pekee na sehemu hii ya ubongo. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba tabia yake inafanana na ya Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu hiyo kwa upasuaji. Hakupima ubongo wa mtu yeyote. Aliwatazama wagonjwa na vibarua chini ya utawala wa kikoloni, akawalinganisha na picha ya Mzungu aliyokuwa nayo kichwani, na Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu mwaka 1953. Ninapousoma utafiti wowote unaodai kwamba kundi fulani la watu lina akili hivi au linakufa vile, swali langu la kwanza limebaki lile lile: wamelinganishwa na nani, na ni nini kingine kinachowatofautisha?

Ndilo swali ninaloliuliza kuhusu ulichosoma kwenye simu. Ulichosoma hakikuzushwa. Utafiti mkubwa wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa karibu 9,000 wenye skizofrenia waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali, na vifo ndani ya siku 30 vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vile vya wenzao wasio na ugonjwa huo. Lakini tazama ni akina nani. Mama yako hana skizofrenia, na upasuaji uliohesabiwa haukuwa wa meninjioma pekee. Wenye magonjwa ya akili ya muda mrefu huvuta sigara zaidi, hupata kisukari na magonjwa ya moyo zaidi, mengine yakiletwa na dawa zenyewe, na hufika hospitalini wamechelewa kwa sababu wanapolalamika tumbo linauma huambiwa ni mawazo. Baada ya upasuaji pia, homa na maumivu yao huaminiwa kwa shida. Sehemu kubwa ya hatari hiyo imo katika namna wanavyohudumiwa, na huduma ni kitu ambacho familia na madaktari wanaweza kukirekebisha kabla ya tarehe ya upasuaji.

Kuna utafiti mwingine utakaouona ukiendelea kusoma, ule unaosema kwamba wenye uvimbe wa ubongo na sonona huishi muda mfupi zaidi. Huo nao usomwe kwa macho mawili. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa karibu 600 wa glioma, uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe, kutoka Amerika Kaskazini. Siku za mwanzo baada ya upasuaji madaktari waliona sonona kwa asilimia 15 ya wagonjwa, ilhali wagonjwa wenyewe walipojaza dodoso, asilimia 93 walikuwa na dalili zinazolingana na sonona. Sidhani kwamba yeyote kati yao alisema uongo. Dodoso linauliza kuhusu uchovu, usingizi, hamu ya kula na umakini, mambo ambayo uvimbe na kisu huyaharibu hata kwa mtu mwenye moyo mkunjufu. Daktari naye, akizunguka wodi kwa dakika nne kila kitanda, huandika sonona pale tu mgonjwa anapolia mbele yake. Ukweli uko mahali fulani katikati, na waliokuwa na sonona katika utafiti ule waliishi muda mfupi zaidi, lakini huwezi kujua kama sonona iliwafupishia maisha au ugonjwa uliokuwa mkali zaidi ndio ulioleta vyote viwili.

Tena glioma si meninjioma. Nasema hivi kwa sababu ukiandika "uvimbe wa ubongo" kwenye simu utaletewa habari za glioblastoma, ambayo huota ndani ya ubongo wenyewe, na ambayo hata tiba iliyogeuka kuwa ya kawaida baada ya mwaka 2005, yaani mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi, iliinua kipimo cha kati cha kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6 tu. Takwimu hizo hazimhusu mama, mradi maabara ya patholojia ithibitishe kwamba kilichotolewa ni kile picha ilichokitaja. Kwa meninjioma swali kuu ni kama imetolewa yote. Hesabu aliyoifanya Donald Simpson mwaka 1957, kabla mashine ya CT haijabuniwa, bado tunaitumia: pale uvimbe ulipotolewa wote pamoja na utando na mfupa ulioshikwa, ulirudi kwa asilimia 9 ya wagonjwa (hilo ndilo daraja la kwanza la Simpson), na pale ulipotolewa wote lakini utando ukachomwa tu (daraja la pili), asilimia 19. Kwenye sakafu ya fuvu kutoa kila kitu si rahisi. Mwulize mpasuaji baada ya upasuaji amefika daraja lipi la Simpson, na uliandike jibu lake, kwa sababu ndilo litakaloamua picha za kufuatilia zitapigwa mara ngapi.

Je, atarudi alivyokuwa? Wengi hupata nafuu, na wengine nafuu yao huwa kubwa mpaka ndugu huona kama mtu amerudishwa kutoka safarini. Umakini na kumbukumbu kwa kawaida hupanda katika miezi inayofuata upasuaji wa meninjioma, ingawa wagonjwa wengi, wakipimwa kwa makini, hubaki chini kidogo ya wenzao wa umri wao. Harufu ikishapotea kabisa hairudi mara nyingi. Kinacholeta tofauti ni muda ambao ubongo umekandamizwa, kiasi cha maji kilichoujaa kando ya uvimbe, na umri. Jeraha la kichwani litakauka ndani ya wiki chache, lakini akili ipe miezi sita hadi mwaka kabla hujasema imeishia hapa. Msimrudishie daftari la chama mwezi wa pili ili kumjaribu. Mpeni hesabu ndogo, chenji ya maziwa na mkate, na mwangalie kama anaanza mwenyewe bila kuagizwa, kwa sababu kuanza ndiko kulikopotea.

Kuhusu kuahirisha, jibu langu ni hapana, isipokuwa daktari wa nusukaputi au mpasuaji akiona sababu ya mwilini. Kungoja akili itulie wakati kinachoichafua kinaendelea kukua ni kungoja mto ukauke mvua ikinyesha. Muda mliobaki utumieni kwa matayarisho, na la kwanza ni dawa. Asiache fluoksetini wala olanzapini kwa uamuzi wa nyumbani. Fluoksetini hupunguza kidogo uwezo wa chembe sahani kugandisha damu, kwa hiyo mpasuaji lazima aijue na aamue yeye, na kwa kuwa hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kuiacha siku mbili kabla hakusaidii kitu. Baadhi ya dawa za akili hushusha kizingiti cha kifafa, yaani hufanya kifafa kije kwa urahisi zaidi, na mama ameshapata kifafa, hivyo daktari wa akili na mpasuaji waongee wao kwa wao. Kukubebesha wewe ujumbe kutoka jengo moja hadi jingine hakutoshi.

La pili ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo huenda ameshaanzishiwa ili kupunguza maji kwenye ubongo. Ni dawa nzuri sana kwa kazi hiyo, na kwa akili ni ya kuchungwa. Miligramu 16 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa wagonjwa hawa, ni sawa na zaidi ya miligramu 100 za prednisoloni au prednisoni, steroidi nyingine zinazolingana kwa nguvu. Utafiti wa Boston wa mwaka 1972 ulionyesha kwamba matatizo ya akili yaliwapata asilimia 1.3 ya waliotumia prednisoni isiyozidi miligramu 40 kwa siku, na asilimia 18.4 ya waliozidisha 80. Mama akianza kukesha, kuongea bila kituo au kushuku watu wa nyumbani, msiseme ugonjwa wa akili umepanda. Pigeni simu hospitalini siku hiyo hiyo na mtaje dawa hiyo kwa jina. Vilevile deksamethasoni na olanzapini zote hupandisha sukari, kwa hiyo sukari ya damu ipimwe mara kwa mara hata kama hajawahi kuwa na kisukari.

Dawa ya kifafa nayo ina mambo yake. Levetirasetamu hutumiwa sana kwa sababu haigombani na dawa nyingine, lakini huwafanya baadhi ya watu wawe wakali na wepesi wa hasira. Nimemwona mzee mpole akimrushia mkewe kikombe cha chai wiki ya tatu baada ya upasuaji uliofanikiwa kabisa, familia ikiamini kwamba mpasuaji ameharibu kitu. Tulibadilisha dawa na mzee akarudi kuwa yule yule. Tafuta sasa, kabla hajapasuliwa, miadi ya daktari wa akili ya wiki ya sita baada ya upasuaji, kwa maana wapasuaji wakishatoa nyuzi na picha ikiwa safi huona kazi yao imekwisha.

Limebaki suala la sahihi. Kuwa na ugonjwa wa akili hakumwondolei mtu mzima haki ya kuamua juu ya mwili wake, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanaitambua haki hiyo ya kutoa ridhaa. Swali ni kama anauelewa uamuzi huu mahsusi, siku hii. Daktari aketi naye asubuhi akiwa hajachoka, amweleze kwa lugha anayoiota usiku, kisha amwombe aseme kwa maneno yake mwenyewe ana nini kichwani, wanataka kumfanyia nini, kinaweza kuharibika nini, na nini kitatokea asipopasuliwa. Mtu aliyepoa hujibu polepole sana, wakati mwingine baada ya dakika nzima ya kimya, na ndugu hushindwa kuvumilia wakamjibia. Usimjibie. Akiyaeleza manne hayo, hata kwa sentensi fupi fupi, na bado akayakumbuka alasiri, kalamu ashike yeye. Asipoweza, daktari aandike kwenye faili kwamba amepimwa na hakuweza, ndipo ndugu wa karibu atie sahihi kwa niaba yake, mama akiwa amekaa pale pale akisikia kinachosemwa.